Kerio mbili, watoto wawili: tupige hesabu ya saa kwanza

Kila muhula ukianza, wananijia wanafunzi wenye familia wakitaka niwasainie fomu ya usajili iliyojaa kozi kupita kawaida. Mara nyingi ni kerio, yaani kozi alizofeli mwaka jana na sasa anazirudia, na mtu hataki kuachwa nyuma na wenzake. Mimi ni mshauri wa masomo, simkatalii mtu. Namwomba akae, tuzigeuze krediti ziwe saa.

Kwa utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi: lekcha, semina, asaimenti, kujisomea na mitihani, vyote humo. Mwaka una krediti 120, kwa hiyo muhula ni 60, sawa na saa 600. Zigawe kwa wiki 15 za masomo: saa 40 kwa wiki. Hiyo tayari ni ajira kamili. Ongeza kerio mbili za krediti 12 kila moja, zinaingia saa 16 zaidi. Sasa uko 56.

Wiki ina saa 168. Toa 49 za kulala (anayenyonyesha anajua hizo ni za kwenye karatasi tu). Toa 56 za chuo. Toa 15 za daladala kama unatokea Mbagala au Chanika. Zinabaki 48, hata saa saba kwa siku hazifiki, na humo humo kuna kupika, kufua, kuogesha watoto, ibada, msiba wa Jumamosi na kikao cha harusi cha Jumapili.

Wapo wanaoimudu hesabu hiyo, na nikiwaangalia, karibu wote walipanga mambo ya nyumbani kabla ya muhula kuanza. Nyumbani kwetu mtu aliyekaa na kitabu huonekana yupo tu. "Si unasoma tu? Nishikie mtoto." Ukisema "nitakuwa bize" hakuna anayekuelewa, sema tarehe. "Mama, kuanzia tarehe fulani nina testi mfululizo, halafu UE (mitihani ya mwisho wa muhula) wiki mbili. Naomba mdogo wangu aje akae nasi hadi nimalize." Muuguzi mmoja aliyerudi kusomea digrii alibandika ratiba ya mitihani kwenye mlango wa jikoni. Mama mkwe wake, ambaye mwanzoni alinung'unika, ndiye akawa anawapokea wageni mlangoni: "Mke wa mwanangu ana pepa kesho, njooni Jumapili."

Kwenye kuchagua kozi, usianze na iliyo rahisi. Kerio nyingi hufundishwa mara moja tu kwa mwaka; ikikupita, unaisubiri hadi muhula kama huo mwakani. Kwa hiyo beba kwanza ile inayofungua kozi nyingine, kisha ile itakayokuzuia kuhitimu. Ya hiari inaweza kungoja. Halafu tazama ratiba. Wewe ni wa mwaka wa pili, kerio ni ya mwaka wa kwanza, na aliyepanga vipindi hakukufikiria. Lekcha zikigongana utaomba notsi kwa mwenzako. Testi zikigongana huna pa kujigawa, kwa hiyo mwone mwalimu wa kozi mapema, na barua mkononi.

Mtoto akilazwa karibu na UE, omba kuahirisha mtihani kabla ya siku yake, pamoja na karatasi za hospitali. Maombi yanayokuja baada ya mtihani kupita ni magumu sana kuyatetea.

Na kama kila muhula unaisha hivi hivi, huenda mfumo wa kukaa darasani kutwa haukufai kwa sasa. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1992, kilijengwa kwa ajili ya watu wenye kazi na watoto, na sioni aibu kumwelekeza mtu huko. Ukiamua badala yake kuahirisha mwaka, usiishie kwa mkuu wa idara. Pita ofisi ya mikopo siku hiyo hiyo na nakala ya barua yako, maana bumu (pesa ya mkopo ya kujikimu) hufuata usajili, na kulirudisha mwakani kama hukutoa taarifa ni safari ndefu ya madirisha.