Intakula ya maji si bora kila mahali

Wengi wanaofunga turbo, kifaa kinachobana hewa ya injini ili gari lipate nguvu, huamini kuwa intakula (kipozeo cha hewa hiyo iliyobanwa) ya maji huishinda ya hewa wakati wowote, kwa sababu maji hubeba joto jingi. Nusu ya hoja hiyo ni kweli: kwa kila digrii inayopanda, kilo moja ya maji humeza joto mara 4 hivi ya kilo moja ya hewa. Lakini kumeza si kutupa. Joto hilo lazima litoke, na njia yake ni rejeta ndogo ya mbele, ambayo nayo hupozwa na upepo uleule.

Ukikanyaga mafuta kwa sekunde chache kisha ukaachia, maji yanakufaa sana. Ukikaza mwendo mzunguko baada ya mzunguko huku rejeta ni ndogo au pampu ni dhaifu, maji hupata moto na faida yote hupotea. Basi anza kuchagua rejeta na pampu, si kile kisanduku cha intakula kinachong'aa ambacho wauzaji hupenda kukipiga picha. Tangi kubwa la maji hayo huchelewesha tu joto kupanda. Likijazwa barafu, hewa inaweza kuingia injini ikiwa baridi kuliko ya nje, raha ya wale wa mbio fupi za mstari mnyoofu. Na usitumie maji yaleyale yanayopoza injini: hayo hukaribia digrii 90.