Si Kila Msiba Ni Fimbo ya Mungu

Mtu akifutwa kazi bandarini, au mama akiharibikiwa na mimba mara ya pili, hapa kwetu Mombasa maneno huanza kabla pole hazijakwisha: "Huyo kuna kitu alifanya." Akiyasema jirani, inauma. Wakiyasema waumini wenzake inauma zaidi, kwa sababu wanamsingizia Mungu jambo ambalo Yesu alilikataa waziwazi.

Katika Luka 13 Yesu aliwataja watu 18 walioangukiwa na mnara huko Siloamu, akauliza kama walikuwa wakosaji kuliko wakazi wote wa Yerusalemu. Akajibu mwenyewe: "Nawaambia, Sivyo." Sasa kumbuka Mtongwe, kivuko cha hapa Mombasa. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ilizama pale, ikiwa imebeba watu kupita kiasi, wakafa watu 272. Anayeuliza marehemu wale walimkosea Mungu nini anarudia swali la Siloamu, na jibu lake lilishatolewa. Kisha Yesu aliwageukia waliokuwa wakimsikiliza: "Msipotubu, ninyi nyote mtaangamia vivyo hivyo." Aliwataka wajitazame wenyewe, marehemu waachwe wapumzike.

Hiyo haina maana kwamba amri za Mungu huvunjwa bure. Isaya 59:2 yasema maovu humfarikisha mtu na Mungu wake, na Warumi 6:23 yautaja mshahara wa dhambi kuwa ni mauti. Haya ndiyo matokeo mazito kuliko yote, na yanaweza kumkuta mtu mwenye afya njema, nyumba katika mtaa wa kitajiri wa Nyali na gari jipya. Ndiyo maana wanaosema "fulani anadhulumu watu na bado anastawi, basi Mungu hajali" nao wamekosea. Zaburi 73 iliandikwa na mtu aliyesumbuliwa na jambo hilohilo.

Dhana inayoniumiza zaidi ni hii ya laana ya ukoo. Binti hajaolewa, ataambiwa babu yake alikuwa mganga. Kijana hapati kazi, ataambiwa damu ya ukoo wao ina deni mbinguni, kisha apewe namba ya simu ya kutumia "mbegu", yaani sadaka ya pesa, ili laana ivunjwe. Wanaouza huduma hiyo hupenda Kutoka 20:5, penye habari ya Mungu kuwapatiliza wana maovu ya baba zao hata kizazi cha tatu na cha nne. Husoma wakakomea kabla ya maneno "cha wanichukiao", wala hawafiki mstari wa 6, ambako rehema inawafikia maelfu elfu. Ezekieli 18:20 hauna kona: "Mwana hatauchukua uovu wa baba yake." Ni kweli kwamba mtoto wa mlevi huumia kwa ulevi wa babake, hata karo ikakosekana. Anaumia, lakini hana hatia. Na Wagalatia 3:13 yasema Kristo ndiye aliyetukomboa katika laana ya torati. Kumtoza mtu pesa kwa kazi ambayo Kristo alikwisha kuimaliza ni wizi.

Wapo pia wanaodhani ukishatubu, kila kitu kinafutika. Mfalme Daudi alizini na Bathsheba, akamuua mumewe Uria kwa upanga wa Waamoni. Alipokiri, nabii Nathani alimwambia Bwana ameiondoa dhambi yake, hatakufa. Hata hivyo mtoto alikufa, na upanga haukuondoka nyumbani mwake: Amnoni aliuawa na nduguye Absalomu, naye Absalomu akafa akimwasi babake. Msamaha ulikuwa wa kweli, na makovu pia.

Kwa hiyo mweka hazina wa chama aliyekula pesa za wenzake, akaja mbele ya kanisa Jumapili akilia, amesamehewa na Mungu ikiwa ametubu kwa moyo. Pesa za akina mama wa chama bado anadaiwa. Zakayo, yule mtoza ushuru wa Luka 19, hakusubiri kuambiwa. Alisimama akaahidi kuwarudishia aliowanyang'anya mara nne.