Si kweli kwamba plastiki yote ni moja

Akina mama wengi wanaookota plastiki Kisumu, kuanzia Dunga hadi Kondele, huambiwa: jaza gunia, peleka kwenye mizani, ulipwe. Sivyo. Gunia lililochanganywa hununuliwa kwa bei ya chini, au hukataliwa lote.

Chupa ya soda ni plastiki namba 1 (tazama pembetatu iliyo kitakoni). Kifuniko chake ni namba 2 au 5. Namba 1 huyeyuka kwenye nyuzi 250 hivi za Selsiasi. Namba 2, ile ya jerikeni, 130 tu. Zikiyeyushwa pamoja hazishikamani, na kinachotoka huvunjika kama biskuti.

Ukikuta kipande kisicho na namba, kitumbukize kwenye ndoo ya maji na ukizamishe kwa kidole ili hewa itoke. Namba 2 na 5 huelea. Namba 1 huzama. Lakini jihadharini sana: namba 3, ya mabomba, huzama vilevile, na ikipashwa joto hutoa asidi inayoharibu namba 1 iliyo karibu nayo. Kipande kidogo tu kinatosha.

Basi fungueni vifuniko na kuviweka kando, mwageni maji, bandueni lebo, kisha kanyageni chupa. Chupa tupu ya nusu lita ina gramu 10 hadi 20, kwa hiyo kilo moja ni chupa 50 hadi 100. Kikundi kiwe na mizani yake na daftari lake, mzigo upimwe kabla mnunuzi hajafika.