Bluu ya mbung'o si bluu ya dukani

Mtengenezaji wa mitego ya mbung'o huenda dukani, akachagua bluu iliyokolea, akashona, kisha akashangaa mtego haunasi kitu. Kosa ni kwamba amechagua kwa jicho lake.

Jicho la mbung'o ni mkusanyiko wa vijicho vingi, na kila kimoja kina seli 8 za kupokea nuru. Sita za pembeni hushughulika zaidi na mwendo na mwanga hafifu. Mbili za katikati, moja juu ya nyingine, ndizo zenye kazi kubwa ya rangi: ya juu hupokea hasa urujuanimno (nuru ambayo jicho letu haliioni), ya chini bluu au kijani, kutegemea kijicho. Kisha ubongo hulinganisha. Kitu kinachosisimua seli za bluu kuliko za kijani hujitokeza waziwazi mbele ya majani, na mbung'o hukifuata akitafuta damu, maana hana chakula kingine.

Kwa hiyo kitambaa kinachofaa huakisi sana nuru ya bluu, karibu na nanomita 460 (kipimo cha urefu wa wimbi la nuru), na huakisi kidogo urujuanimno, kijani na manjano. Pamba iliyotiwa fthalojeni, aina ya rangi ya bluu ya vitambaa, imekuwa kigezo kwa miaka mingi. Poliesta inayofanana nayo kabisa machoni petu inaweza kuwa inarudisha urujuanimno au kijani kingi. Kuipiga picha kwa simu hakusaidii, kwani kamera nyingi huchuja urujuanimno. Tumia spektromita, kifaa cha kupima kitambaa kinaakisi nuru ipi na kwa kiasi gani. Kama huna, weka mtego wa kitambaa kipya na mwingine wa kitambaa kinachojulikana katika eneo moja, ubadilishe nafasi zake kila siku na kuhesabu mbung'o. Usipobadilisha, utakuwa unapima kivuli cha mti, si kitambaa.

Bluu huita kutoka mbali, lakini kutua ni habari nyingine: akishafika karibu, mbung'o hupendelea kutua kwenye nyeusi. (Ndiyo sababu wageni wa mbugani huambiwa waache nguo za bluu na nyeusi, wavae kaki.) Katika mtego, nyeusi humvuta aingie ndani, halafu mwanga wa chandarua cheupe kilicho juu humpandisha hadi kwenye chupa.

Kwa Glossina fuscipes, aina ya mbung'o wa kingo za mito, kama kule West Nile, Uganda, kitambaa kidogo cha sentimita 25 kwa 50 kinatosha: nusu bluu, nusu chandarua cheusi, vyote vimetiwa deltametrini, dawa inayoua wadudu wakiigusa. Chandarua kina maana yake. Mbung'o wengi huzunguka bluu bila kutua juu yake, nao hujigonga kwenye wavu wasiouona vizuri. Usipeleke kipimo hicho kwa Glossina pallidipes, aina nyingine ya mbung'o, wa savana. Huyo anahitaji kitambaa cha mita moja ya mraba au zaidi, pamoja na harufu: asetoni, oktenoli, au mkojo wa ng'ombe uliovundikwa.

Jua ndilo adui mkubwa. Nyeusi ikipauka kuwa kahawia, mbung'o atakuja lakini hatatua, na dawa iliyo kwenye kitambaa haitamgusa. Linganisha kila mara na kipande ulichokihifadhi gizani. Ukiona tofauti kwa macho yako, badilisha kitambaa. Nyasi nazo zikatwe kuzunguka mtego, hasa baada ya mvua: mbung'o huruka chini, na bluu iliyozibwa na majani haionekani kwake.