Kabla hujavuta Range Rover au BMW X5 ya kwendea kazini: mnayoambiwa na ukweli wenyewe

Kuna swali naulizwa sana, kaka kuna Range Sport nimeiona yadi, bei yake imekaa kama ya Prado tu, nivute? Ukimuuliza ya safari gani anakwambia Mbezi mpaka Posta asubuhi na kurudi jioni. Mimi haya magari nayapenda kwelikweli, ukikaa ndani ukafunga kioo kelele zote za bodaboda zinabaki nje, ila nimeona watu wanaingia kwa maneno ya kijiweni halafu gari inakaa gereji miezi, inaniuma.

"Bei imeshuka, sasa hivi ni saizi yangu."

Iliyoshuka ni bei ya kununua, bei ya kuitunza iko palepale. Gari ilitengenezwa kwa mtu mwenye hela ndefu, ikifika miaka kumi inauzwa kama gari ya kawaida ila taa ya mbele, kompresa na saiti mira zake bado ni za yule tajiri wa kwanza. Nyingi zinakalia maputo ya hewa badala ya springi, na mpira wa puto unachakaa kama mpira wowote, ukipata tundu dogo hewa inavuja usiku kucha, asubuhi kompresa inahangaika kujaza, siku zinavyoenda na yenyewe inaungua. Shemeji yangu alitoka asubuhi apeleke watoto shule akakuta gari imelala kona ya nyuma kushoto, tairi limezama ndani ya fenda, vidole viwili havipiti. Fundi akambadilishia kompresa peke yake, puto lenye tundu akaliacha, mwezi haujaisha kompresa mpya nayo imekufa, akanunua vyote upya. Hela ile angefanya sevisi ya Harrier sijui mara ngapi.

Na ile bei ya mtandaoni ya Japani au Uingereza siyo bei. Cc za injini zikizidi 2,000 unapigwa ushuru wa forodha 25%, ushuru wa bidhaa 10%, halafu VAT 18% inakuja juu ya hizo zote, na ikiwa ya zamani kuna ya uchakavu tena.

"Barabara zetu mbovu zinataka gari kama hizi."

Inategemea imevaa nini miguuni. Chuchumaa usome tairi. Range Sport yenye rimu ya 21 utakuta 275/45, upana milimita 275 na ubavu asilimia 45 ya huo upana, yaani ubavu wa mpira ni kama sentimita 12. Prado ya 265/65 yenye rimu ya 17 ina sentimita 17. Hizo tano zinazokosekana ndo zingepokea shimo, sasa shimo linapokelewa na rimu, inapinda au tairi linapasuka ubavuni. X5 nyingi zinatumia ranfleti, yaani tairi ngumu zinazotembea kidogo hata zikiisha upepo, na hazina hata spea tairi, pancha ikikukuta mbele ya Chalinze usiku utaelewa ninachosema.

"Dizeli haina shida, inabana mafuta."

Kwenye safari ndefu kweli. Ila dizeli za kisasa zina filta ya masizi kwenye bomba la moshi, na ile filta inajisafisha kwa kuyachoma masizi, na ili yaungue vizuri inatakiwa gari itembee mwendo mzuri bila kusimama kwa dakika kadhaa. Wewe unaikalisha foleni ya Ubungo kila siku, unafika ofisini injini ndo kwanza imeanza kupata moto, masizi yanajaa, taa inawaka, gari inakataa kuvuta. Hapo hata ulichobana kwenye mafuta kimeshaondoka.

"Kubwa ndo salama, halafu inavuta matairi manne."

Kuvuta kwa matairi manne kunakusaidia kuondoka kwenye matope au utelezi, kwenye kusimama hakukusaidii kitu maana Vitz nayo inafunga breki matairi yote manne. Tani mbili na ushee kwenye lami yenye mvua zinahitaji tairi nzuri na pedi nzuri, nazo ndo vitu ambavyo mtu akiishiwa anaanza kununua vya bei rahisi.

"Bila ya Ulaya hujapanda gari ya kifahari."

Hii naikataa kabisa. Ile Harrier tako la nyani unayoiona kila kona ni Lexus RX yenyewe, Japani iliuzwa kwa jina la Harrier, na spea zake zimejaa Gerezani.

Kama bado roho inataka, na pesa ya matengenezo umeshaitenga pembeni, vuta tu, uifurahie. Ila kwanza pigia simu wauza spea, uliza bei ya puto moja, kompresa na taa ya mbele. Mpeleke na fundi wako akaipime kwa kompyuta. Halafu muombe muuzaji ailaze gari sehemu tambarare, jioni upime kwa vidole nafasi kati ya tairi na fenda kona zote nne, kesho yake alfajiri kabla haijawashwa urudi upime tena. Kona moja ikiwa imeshuka mrudishie funguo zake, hata akikupunguzia milioni tano.