Je, wajua kwa nini boti ya zamani huhitaji propela yenye pichi ndogo?

Boti ni ileile, mashine ileile, propela ileile, ila siku hizi inanguruma tu bila kuinua omo, yaani pua ya mbele, na petroli inakwisha kabla ya safari. Wengi hukimbilia kufungua kabureta. Kabureta ikiwa safi na plagi zinachoma vizuri, tazama nyuma: huenda propela haina kasoro yoyote, ila ilichaguliwa boti ilipokuwa nyepesi.

Propela hugongwa namba kwenye kitovu au kwenye panga lake, mfano 11 3/8 x 12-G. Namba ya kwanza ni kipenyo kwa inchi. Ya pili ni pichi, yaani umbali ambao propela ingesogea mbele kwa mzunguko mmoja kama maji yasingeteleza. Pichi 12 ni inchi 12, karibu sentimita 30. Herufi ya mwisho, kwa propela za Yamaha, ni ukoo wa kitovu. Isipolingana na mashine yako, propela haitakaa kwenye shafti hata namba nyingine zikiwa sawasawa. Wauzaji wengine huitaja pichi peke yake, kwa hiyo uliza zote tatu.

Sasa, boti hunenepaje? Ya mbao hunyonya maji, na kila ikipigwa rangi au deheni inaongezewa tabaka. Ya faiba inadanganya zaidi, kwa sababu kwa nje inaonekana kavu. Chini ya sakafu kuna mbao na povu. Tundu moja la skrubu likivuja kwa miaka, povu hushiba. Lita 150 zilizojificha humo ni kilo 150, abiria wawili wasiolipa nauli. Ongeza magamba na utando chini ya boti, ambavyo havina uzito mkubwa lakini huburuza vibaya sana. Na mashine nayo imezeeka: ringi za pistoni zikilika, nguvu hupungua.

Mahali pia pana neno. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na mashine isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 za mwinuko. Mashine iliyofanya kazi vizuri Kilwa au Lamu, ikifungwa Mwanza au Kisumu, imeshapoteza zaidi ya sehemu moja ya kumi ya nguvu kabla hujapakia hata ndoo. Huko watu hushusha pichi inchi moja hivi kwa sababu ya mwinuko tu.

Pichi ikiwa kubwa kuliko uwezo, mafuta yamevutwa yote, yaani mpini umefunguliwa hadi mwisho, lakini mizunguko ya mashine haipandi. Pistoni inasukumwa kwa nguvu zote huku ikienda polepole, joto linapanda, plagi zinajaa masizi, ringi zinanata, na mwisho pistoni hutoboka. Hii ndiyo hali mbaya zaidi, na ndiyo iliyozoeleka. Pichi ikiwa ndogo mno, mashine hupaa kupita kikomo chake. Tustroki (mashine za mipigo miwili) nyingi za zamani hazina kizuizi cha mizunguko, na beringi za konrodi, fimbo inayoshika pistoni, ndizo hulipa.

Kwa hiyo pima kabla ya kununua. Kitabu cha mashine kinataja mizunguko inayotakiwa mafuta yakivutwa yote. Tustroki nyingi za kati ni 4500 hadi 5500 kwa dakika. Kama huna takometa, yaani kipima mizunguko, zipo ndogo za dijitali ambazo waya wake huviringishwa kwenye waya wa plagi. Angalia mpangilio wake. Tustroki ya kawaida huchoma mara moja kwa kila mzunguko. Kipimo kikiwa kimewekwa vingine utasoma nusu au maradufu ya ukweli.

Kwangua boti chini kwanza. Hakikisha waya wa mafuta unafungua kabureta hadi mwisho, maana waya uliolegea huiga kabisa dalili za pichi kubwa. Pima kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda; silinda zikitofautiana kwa zaidi ya asilimia 15, tengeneza mashine kabla ya kugusa propela. Bamba lililo juu ya propela liwe usawa mmoja na chini ya boti, au inchi moja hivi chini yake. Likiwa juu sana propela humeza hewa na mizunguko inaruka.

Kisha pakia mzigo wako wa kila siku: watu, nyavu, barafu, tangi la mafuta. Kosa kubwa la majaribio ni kwenda na boti tupu. Maji yakiwa shwari, vuta mafuta yote hadi mizunguko itulie, andika mizunguko na kasi ya GPS, geuka urudi njia ileile ili mkondo usikudanganye, halafu chukua wastani.

Tuchukue mashine yenye gia ya 2.00, yaani mashine huzunguka mara mbili propela ikizunguka mara moja, na propela ya pichi 13, iliyoishia mizunguko 4400. Gawanya 4400 kwa 2.00, zidisha kwa 13, gawanya kwa 1215, namba inayogeuza inchi kwa dakika kuwa noti (maili za baharini kwa saa): unapata noti 23.5, kasi ambayo ingepatikana bila mtelezo. GPS inasema noti 16. Mtelezo, yaani pengo kati ya kasi hizo mbili, ni asilimia 32, mkubwa kwa boti inayotakiwa kuruka juu ya maji, ambako asilimia 10 hadi 20 ni kawaida. Kila inchi moja ya pichi hubadilisha mizunguko 150 hadi 200. Ukitaka 5000, unahitaji kupandisha 600, yaani kushuka inchi tatu: pichi 10. Kwa hesabu ileile pichi 10 kwenye 5000 ni noti 20.6, mtelezo ukishuka hadi asilimia 20 unabaki na 16.5. Pichi imepungua, mwendo haujapungua, na mashine imepumua. Ukibadili pia kutoka mapanga matatu kwenda manne, manne hushika maji zaidi, kwa hiyo shuka inchi moja nyingine.

Usiamini sana namba ya propela iliyogonga mwamba ikanyooshwa kwa nyundo. Ilaze mezani, chora duara kwenye asilimia 70 ya urefu wa panga kutoka katikati, pima urefu wa kingo zote mbili za panga kutoka mezani mahali duara linapopita, na pembe iliyo kati ya kingo hizo. Tofauti ya urefu zidisha kwa 360, gawanya kwa pembe. Tofauti ya sentimita 5 kwa nyuzi 60 ni sentimita 30, pichi 12 hivi. Fanya kwa kila panga. Yakitofautiana, ndiyo mtetemo unaokusumbua.

Kuna pia raba ndani ya kitovu. Ikichoka, mashine inalia juu na boti haiendi, na watu husema pichi ni ndogo. Piga mstari wa rangi kwenye uso wa kitovu, kutoka bomba la ndani, juu ya raba, hadi chuma cha nje. Nenda mwendo wa nguvu, rudi utazame. Mstari ukikatika, raba inateleza. Hakuna pichi itakayoitibu.

Wakati wa kufunga, paka grisi ya baharini kwenye meno ya shafti na uanze na ile washa nene inayokaa mbele ya propela. Ikisahauliwa, kitovu husaga nyumba ya gia. Weka kotapini mpya, ile pini inayozuia nati isifunguke, kisha rudia jaribio kwa mzigo uleule. Siku ukienda mtupu na mizunguko ikipita 5500, punguza mafuta. Usirudi kwenye pichi 13.