Viza ya masomo Uingereza imekwisha, sasa unataka kurudi kutembea

Kila mwaka mahafali ya Desemba na Januari yakikaribia, simu yangu haipoi. Mtu amemaliza shahada ya uzamili Uingereza, amesharudi Dar au Nairobi, sasa anataka kwenda wiki mbili tu avae joho na kupiga picha na wenzake. Anauliza kama ile viza ya masomo iliyokwisha itamharibia. Mimi humrudishia swali: uliondoka lini?

Kwa kozi ya miezi 12 au zaidi, viza ya mwanafunzi huongezewa miezi minne baada ya kozi kwisha. Kozi ikiisha Septemba, viza inakwenda hadi Januari. Ukiacha masomo katikati mambo hubadilika: chuo lazima kitoe taarifa, na Wizara ya Mambo ya Ndani ya Uingereza huifupisha viza, mara nyingi ikikuachia siku 60. Hapo ndipo watu huzamia bila kujijua, wakitegemea tarehe ya zamani.

Ukipitiliza muda kwa siku 30 au pungufu, kisha ukaondoka mwenyewe kwa nauli yako, hufungiwi mlango, ingawa lazima uliseme kwenye fomu. Ukizidisha hapo, hata kama umeondoka kwa hiari na kwa gharama zako, ombi la kutembea litakataliwa kwa miezi 12. Ukidanganya, hesabu ni miaka 10. Ndiyo maana sielewi mtu anayeficha siku 12 za kupitiliza, ambazo zisingemfungia, akajitwisha adhabu ya muongo mzima.

Kwa aliyeondoka ndani ya muda, ile viza ya zamani ndiyo wakili wake. Alipewa masharti, akayatimiza, akarudi kwao. Tatizo ni kwamba Uingereza haigongi muhuri wa kutoka, kwa hiyo ambatisha muhuri wa kuingia nyumbani na tiketi ya safari ile. Pasipoti ya zamani usiitupe.

Ombi lenyewe ni viza ya kawaida ya mgeni, ya hadi miezi sita. Unaweza kuomba kuanzia miezi mitatu kabla ya safari, na kwa kawaida jibu huja ndani ya wiki tatu baada ya alama za vidole. Ada ilipandishwa Aprili 2025 kutoka pauni 115 hadi 127. Kipimo cha kifua kikuu ulichofanya ukienda kusoma hakihitajiki safari hii. (Ndugu zetu wenye pasipoti ya Oman hawahitaji viza hii; wao huomba kibali cha mtandaoni, ETA.)

Afisa anayesoma ombi lako ana shaka moja kubwa: huyu anakuja kutembea, au anarudi kuendelea na maisha aliyoyaacha? Kuomba wiki tatu tu baada ya kuondoka si kosa, ila shaka inaongezeka. Watu hudhani kuna kanuni ya miezi sita kwa mwaka. Haipo. Kilichokatazwa ni kuifanya Uingereza makazi kwa safari za kufuatana.

Kwa hiyo barua yako ieleze ulichokifanya tangu urudi. Umeajiriwa? Weka barua ya mwajiri inayotaja likizo na tarehe ya kurudi kazini. Unauza nguo Kariakoo? Leseni, risiti za kodi na miamala ya M-Pesa vina uzito kuliko barua ya shangazi wa mji wa Reading, Uingereza, anayekusifu tabia. Na taarifa ya benki isomeke kama maisha ya kweli. Akaunti inayoishi na laki mbili miezi mitano, kisha wiki moja kabla ya ombi ikapokea milioni 15, inajishtaki yenyewe. Kama kaka ameuza shamba akakupa, weka hati ya mauzo na uliseme.

Kuwa na viza si mwisho; afisa wa mpakani anaweza kukuhoji upya na kupekua mizigo. Kwenda kwenye usaili wa kazi kunaruhusiwa kwa mgeni, jambo ambalo wengi hawalijui. Kuanza kazi hakuruhusiwi. Ulipokuwa mwanafunzi wa shahada ulizoea saa 20 kwa wiki. Sasa ni sifuri, hata zamu moja ya kumshikia rafiki kwenye nyumba ya wazee. Ujumbe wa simu unaosema “Jumatatu unaanza saa moja asubuhi” unatosha kukurudisha na ndege inayofuata. Wala usiende ukitarajia kubadilisha viza ukiwa kule: mgeni harudi kuwa mwanafunzi wala mfanyakazi mwenye viza bila kwanza kutoka nje na kuomba upya.

Ukikataliwa, kwa kawaida hakuna rufaa. Watu hukasirika, wanalipa tena na kutuma makaratasi yaleyale siku ya pili. Hiyo ni kuichangia serikali ya Uingereza ada nyingine bure. Soma barua ya kukataliwa sentensi kwa sentensi, kisha kila sababu ipatie karatasi inayoijibu. Wakisema hawajaona chanzo cha fedha, usiwatumie barua nyingine ya mwaliko. Na kwenye fomu mpya, panapoulizwa kama umewahi kukataliwa viza, andika ndiyo.